Kumbukumbu za Familia na Historia ya Miaka ya Mwanzo ya Vyama vya Taarab Unguja

Utangulizi

Mwaka 2005 chama cha Ikhwani Safaa cha Unguja kilitimiza miaka mia moja tangu kuasisiwa kwake. Kwa chama cha muziki kilichojengwa na watu waliopiga ala kwa mapenzi yao, baada ya kazi zao za mchana, umri huo si jambo dogo. Kilizaliwa Unguja ikiwa chini ya himaya ya Uingereza. Kiliushuhudia uhuru wa Desemba 1963, Mapinduzi ya Januari 1964 na Muungano wa Aprili mwaka huohuo. Watawala walibadilika, bendera zilibadilika, hata jina la chama lenyewe liliwekwa kando kwa muda; lakini udi, kanuni na fidla hazikunyamaza.

Anayetaka kuandika historia ya miaka ya mwanzo ya chama hicho, na ya vile vilivyofuata nyuma yake, hukabiliwa na suala la ushahidi. Nyaraka za serikali ya kikoloni zinahusu zaidi kodi, ardhi, mashamba ya karafuu na mahakama. Muziki wa jioni haukuwa na faili nene. Nani alikutana na nani, katika baraza ya nyumba gani, waliimba kwa lugha gani, na wanawake walisikiliza wakiwa wapi: sehemu kubwa ya habari hizo imehifadhiwa majumbani, katika maneno ambayo bibi humwambia mjukuu wakati wa kukunja nguo za harusi.

Mhadhara huu unahusu maneno hayo. Hoja yake kuu ni kwamba kumbukumbu za familia ni ushahidi wa kihistoria wenye kanuni zake, kwamba mtaalamu wa lugha ana zana za kuusoma ushahidi huo ambazo mwanahistoria peke yake huenda asiwe nazo, na kwamba kumbukumbu hizo zikipuuzwa historia ya taarab itabaki kuwa historia ya ikulu tu.

Simulizi ya Ikulu

Historia ya taarab ya Unguja aghalabu husimuliwa kuanzia juu. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa mtu aliyeiona dunia. Baada ya jaribio lake la kutwaa ufalme mwaka 1859 alipelekwa uhamishoni Bombay, na mwaka 1875, akiwa tayari mtawala, alifanya ziara ya Uingereza. Inasimuliwa kwamba aliupenda muziki wa Misri, akawaleta wapigaji wake katika jumba lake, kisha akampeleka Mohamed Ibrahim mjini Cairo ili akajifunze kupiga kanuni. Cairo ya zama hizo ilikuwa na jumba la opera lililofunguliwa mwaka 1869, na pembezoni mwake vikundi vidogo vya takhti vilivyopiga muziki wa Kiarabu katika karamu za wakubwa. Mohamed Ibrahim aliporudi, inasemwa, aliwafundisha wengine, na kikundi cha ikulu kikapatikana.

Simulizi hii imerudiwa katika maandiko mengi na hakuna sababu ya kuitupa. Hata hivyo, mambo mawili yanafaa kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba simulizi yenyewe ni kumbukumbu. Kabla ya kuandikwa ilisemwa, na waliosema walikuwa wajuzi wa muziki waliopokea kutoka kwa waliowatangulia. Kwa hiyo mpaka unaochorwa kati ya historia iliyoandikwa kwa upande mmoja na masimulizi ya nyumbani kwa upande mwingine ni hafifu kuliko unavyodhaniwa. Tofauti iliyopo ni ya mahali pa kusimama: moja imesimama ikulu, nyingine imesimama ukumbini kwa mtu.

La pili ni kwamba simulizi ya ikulu ina mtu mmoja, safari moja na ala moja. Haina nafasi kwa muziki uliokuwepo pwani kabla yake, kama vile uimbaji ulioambatana na gambusi, ala ya nyuzi yenye udugu na ile ya Yemen, ambayo Lamu na Mombasa ilijulikana pia kwa jina la kibangala. Wala haina nafasi kwa mwanamke. Historia inayoanza na mfalme kumtuma mtu ng'ambo humfanya kila mwingine kuwa mpokeaji.

Chama cha Wapenzi wa Muziki

Mwaka 1905, mwaka ambao Sayyid Ali bin Hamud alishika madaraka kamili baada ya kipindi cha kuwa chini ya msimamizi Mwingereza, ndio unaokumbukwa kuwa mwaka wa kuasisiwa kwa Ikhwani Safaa. Jina hilo lina uzito. Katika karne ya 10 lilikuwa jina la jamii ya wanafalsafa wa Basra, watunzi wa risala mashuhuri katika elimu ya Kiislamu. Waliolichagua kulitumia Unguja walijua walichokuwa wakifanya. Jina linatangaza udugu na usafi wa nia, na papo hapo linatangaza usomi wa Kiarabu. Kwa miongo kadhaa nyimbo za chama hicho zilikuwa za Kiarabu. Kiswahili hakikushika nafasi kubwa jukwaani pake mpaka katikati ya karne ya 20.

Hapa ndipo penye swali ambalo kumbukumbu za familia zinaweza kulijibu vizuri kuliko nyaraka. Je, waliosikiliza nyimbo hizo walizielewa? Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe Kiarabu kilikuwa lugha ya sala, ya barua rasmi na ya nasaba, ilhali lugha ya jikoni, ya kubembelezea mtoto na ya ugomvi ilikuwa Kiswahili. Kuimba kwa Kiarabu mbele ya wasikilizaji wa namna hiyo kulikuwa tendo la kijamii kabla ya kuwa tendo la mawasiliano. Kulitenganisha aliyesoma na asiyesoma, mwenyeji wa mji na mtu wa shamba. Mtafiti akimuuliza mzee tafsiri ya wimbo wa zamani, huenda asipate neno kwa neno. Akimuuliza wimbo ule ulipigwa siku gani, nani alisimama kuutunza na nani alinuna, atapata habari nzima. Maana ya wimbo imehifadhiwa kama tukio.

Chama cha wapenzi wa muziki pia ni mzigo unaobebwa na nyumba. Ala hununuliwa kwa fedha ambazo zingenunua kitu kingine. Mazoezi ya usiku humtoa baba nyumbani. Zaidi ya hayo kuna mjadala wa muda mrefu miongoni mwa Waislamu wa pwani kuhusu uhalali wa ala za muziki, mjadala ambao haukuishia misikitini bali uliingia hadi ndani ya vyumba. Historia ya chama iliyoandikwa kwa orodha za viongozi haiwezi kuonesha gharama hizo. Mtoto wa mpigaji anazijua, kwa sababu alizilipa.

Wakati katika Kumbukumbu za Familia

Pingamizi la kwanza dhidi ya ushahidi wa aina hii ni kwamba hauna tarehe. Pingamizi hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Familia zina kalenda yake. Jambo hutokea katika enzi ya mtawala fulani, kabla au baada ya vita, katika harusi ya shangazi au mwaka aliozaliwa kifungua mimba.

Ugumu ni kwamba alama hizo hazilingani kwa upana. Msemo "enzi za Sayyid Khalifa" hutumiwa kana kwamba unataja kipindi kinachoeleweka. Sayyid Khalifa bin Harub alitawala kuanzia Desemba 1911 hadi Oktoba 1960, takriban miaka 49. Ndani yake zimo vita vikuu viwili, kuja kwa santuri, kuja kwa filamu za sauti, na kuzaliwa kwa vyama vya siasa. Vivyo hivyo kwa fedha. Fatuma binti Baraka, anayejulikana zaidi kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliueleza umri wake kwa kusema kwamba alizaliwa wakati wa rupia. Rupia ilitumika Unguja tangu karne ya 19 hadi mwaka 1936, shilingi ilipochukua nafasi yake. Kauli hiyo ni ya kweli. Ila mlango wake ni mpana mno.

Dawa yake ni kuzifunga alama mbili au tatu pamoja. Aliyesema kwamba wimbo ulipigwa enzi za Sayyid Khalifa, kwa rupia, katika harusi ya dada yake mkubwa, amekwishautoa wimbo huo nje ya miaka ya 1940 na 1950. Hati ya ndoa ikipatikana, mwaka utajulikana. Mzee ametoa tarehe. Kazi ya mtafiti ni kuisoma.

Ushahidi wa Sarufi

Pingamizi la pili ni kwamba kila familia humweka babu yake miongoni mwa waasisi. Hapa mtaalamu wa lugha ana la kusema. Tungo "babu alikuwa mtu wa mwanzo katika chama" ina maana mbili. Inaweza kumaanisha kwamba babu ndiye aliyetangulia wote, na inaweza kumaanisha kwamba alikuwa mmoja wa watu wa zama za mwanzo. Msemaji huenda amekusudia maana ya pili. Msikilizaji mwenye daftari huandika ya kwanza. Baadhi ya mabishano kuhusu waasisi huenda ni mabishano ya sarufi tu.

Njeo na hali za kitenzi nazo husema mengi. Msimulizi anayesema "walipiga nyumbani kwetu" anataja tukio. Anayesema "walikuwa wakipiga nyumbani kwetu" anataja mazoea. Na anayesema "hupiga nyumbani kwetu", juu ya watu waliokwisha kufariki, ameingia ndani ya kumbukumbu na kusimama humo. Mtafiti anayezinakili kauli hizo tatu kwa sentensi moja ya muhtasari ameutupa ushahidi muhimu kuliko wote, yaani ule wa umbali kati ya msemaji na jambo analolisema.

Kiambishi cha nafsi pia kinahitaji kuangaliwa. Si ajabu mtu aliyezaliwa miaka ya 1950 kusema "tulikwenda kupiga" kuhusu jambo la miaka ya 1920. Huo si uongo. Nafsi ya kwanza wingi katika kauli hiyo ni ya ukoo au ya mtaa, na inamwonesha mtafiti mpaka wa jamii ambayo msemaji anajihesabu ndani yake.

Ushahidi wa Maneno

Istilahi za taarab nazo ni nyaraka. Neno taarab lenyewe limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kusisimkwa na muziki. Udi, kanuni, nai na rika ni maneno yaliyopitia Kiarabu, na yanaiunga mkono simulizi ya Misri. Bashraf, kipande cha ala tupu kinachofungulia onesho, ni neno lenye safari ndefu zaidi: asili yake ni Kiajemi, lenye maana ya kitangulizi, likapitia Kituruki kabla ya kufika Misri na kisha Unguja. Fidla linaelekea upande wa Kiingereza. Nadi, jina la zamani la chama cha namna hii, ni Kiarabu. Kilabu ni Kiingereza. Chama ni neno la Kibantu.

La kuvutia zaidi ni santuri. Katika Kiajemi na Kiarabu ni jina la ala ya nyuzi. Katika Kiswahili limekuwa jina la sahani ya sauti. Ala iliyopigwa na mkono ikageuka kitu kinachozungushwa na mashine, na neno likahama pamoja nayo. Ukipanga maneno haya kwenye ramani, safari moja ya Mohamed Ibrahim kwenda Cairo haitoshi kuyaeleza. Njia zilikuwa nyingi, na nyingine zilipitia bandarini, sokoni na kwa mafundi. Hizo ndizo njia ambazo kumbukumbu za familia za watu wa kawaida huzitaja, na simulizi ya ikulu huziacha.

Siti binti Saad: Familia, Kitabu na Santuri

Mfano unaodhihirisha thamani ya kumbukumbu za watu wa chini ni wa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, baba yake akiwa na asili ya Kinyamwezi na mama yake ya Kizigua, katika mazingira ya utumwa. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mtumwa. Amri ya mwaka 1897 iliuondolea utumwa hadhi ya kisheria, ingawa masuria hawakujumuishwa mpaka mwaka 1909. Mwaka 1911 alihamia mjini. Alikuwa amekwisha kutembeza vyungu kwa miguu, na sauti ya kunadi bidhaa ndiyo iliyotangulia sauti ya jukwaa. Mjini alipata walimu na wenzake wa kupiga naye, miongoni mwao Subeti bin Ambar, Budda bin Mwendo na Mbaruku. Tofauti na Ikhwani Safaa, kundi hili liliimba kwa Kiswahili.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri. Mwaka huohuo, mjini Mombasa, wajumbe wa serikali za Afrika Mashariki walikubaliana kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Matukio haya mawili hayakupangwa pamoja, lakini mwanafunzi wa lugha hana budi kuyatazama pamoja. Kikao cha Mombasa kilikichagua Kiunguja cha kamusi na cha vitabu vya shule. Sahani za Bombay zilikibeba Kiunguja cha Ng'ambo, chenye mafumbo, chenye Kiarabu kilichokwisha kumezwa, chenye hasira na mzaha, na zikakifikisha kwa watu wasiojua kusoma. Historia ya usanifishaji inayotaja cha kwanza na kukiacha cha pili ni nusu ya historia.

Shaaban Robert alimhoji Siti katika siku zake za mwisho, kabla hajafariki mwaka 1950, na wasifu alioutunga ulichapwa mwaka 1958. Kitabu hicho ni kumbukumbu ya mtu juu ya maisha yake, iliyopita katika kalamu ya mwandishi mwenye msimamo wake wa maadili. Kukisoma kana kwamba ni hati ya mahakama ni kosa. Kukiacha kwa kuwa si hati ya mahakama ni kosa kubwa zaidi.

Mahakama yenyewe imo katika nyimbo zake. Wimbo wa "Kijiti" unahusu mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam. Kwa mujibu wa masimulizi, muuaji alikimbilia bara, na wenyeji wa marehemu waliokwenda kutoa ushahidi ndio walioishia kuadhibiwa. Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, aliwahoji wazee wa Unguja kuhusu nyimbo kama hizo na kuonesha jinsi zilivyohifadhi hukumu ya watu juu ya hukumu ya hakimu. Miaka ipatayo 60 baada ya tukio, waliohojiwa walikuwa bado wana jambo la kusema kuhusu haki. Kumbukumbu yao haikuwa burudani.

Kumbukumbu hiyo haijakatika. Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, alitoa albamu iliyopewa jina la Siti of Unguja. Hapo urithi wa familia umerudi kwenye rekodi ya sauti, mahali ulipokuwa mwaka 1928.

Baada ya 1964

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliukata mji vipande viwili: waliobaki na walioondoka. Vyama vya muziki viliwekwa chini ya uangalizi wa mamlaka mpya, na Ikhwani Safaa kikajulikana kwa muda kwa jina la mtaa wake, Malindi. Kikundi cha Utamaduni, ambacho chimbuko lake ni mwaka 1958, kilisimama pembeni yake. Familia kadhaa za wapigaji na wapenzi wa taarab zilihamia Oman, Dubai na Uingereza.

Kwa sababu hiyo kumbukumbu za chama kimoja sasa zimo katika miji ya mbali, na hazifanani. Waliobaki wanakumbuka namna muziki ulivyoendelea. Walioondoka wanakumbuka namna ulivyokuwa siku ya mwisho walipousikia, na siku hiyo imekuwa kipimo cha kila kitu. Kila upande una jambo ambalo mwingine hautaki kulisikia, na mtafiti akisikiliza upande mmoja huandika ama sifa ama maombolezo. Palipo na tofauti ndipo penye historia, kwa kuwa mambo ambayo pande zote mbili zinayataja bila kushauriana ndiyo yenye nguvu zaidi kama ushahidi.

Hitimisho

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu. Jumba ambalo simulizi ya ikulu imelifanya mfano wa fahari ya zama zile lilianguka mchana kweupe, mbele ya kamera, na ulimwengu ukajua. Kumbukumbu ya mzee ikiondoka haitoi kishindo. Hakuna anayepiga picha.

Kazi iliyo mbele ya wanafunzi wa Kiswahili haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kinasa sauti, subira na adabu ya kuketi. Inahitaji kuandika maneno ya msimulizi kama alivyoyasema, pamoja na njeo zake, nafsi zake na utata wake, bila kuyasafisha yafanane na kitabu. Inahitaji kuuliza kuhusu gharama, lugha na mahali walipoketi wanawake, si kuhusu waasisi peke yao. Inahitaji pia ujasiri wa kumwambia mjukuu, kwa heshima, kwamba babu yake alikuwa wa mwanzo kwa maana ya pili ya neno hilo, na kwamba maana hiyo nayo ina heshima yake.

Waliokusanyika mwaka 1905 walijiita ndugu. Wajukuu wao wametawanyika baina ya Malindi, Muscat na London, na kila mmoja ana kipande. Vipande hivyo vikikusanywa wakati wenyewe wangali hai, historia ya taarab itakuwa na sauti zaidi ya moja. Vikiachwa, itabaki na mfalme, safari yake na kanuni moja.